Kabla Hujauliza Ukoo wa Klasi: Mafunzo Niliyopata Kwenye Programu za Zahanati

Kazi yangu ni kutunza programu ambazo watu wengine walishaziandika. Wateja wangu wengi ni zahanati, maduka ya dawa na maabara ndogo za pembezoni mwa Dar es Salaam: Mbagala, Chamazi na Yombo kwa upande wa Temeke, Tegeta, Boko na Bunju kwa upande wa Kinondoni. Huko si ajabu mfumo mmoja ukawa na kipande cha PHP, kingine cha Python, na pembeni moduli za Java, na walioviandika wameshahamia kazi nyingine. Swali linalonirudia kila wiki ni hili: kitu hiki, yaani obijekti iliyoko kwenye kumbukumbu ya kompyuta wakati huu programu inaendeshwa, ni cha klasi gani, na klasi hiyo imerithi kutoka wapi?

Urithi wa klasi ulianzia Oslo, Norwei. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard ndio walioutia kwenye lugha yao ya Simula 67. Nygaard hakuishia hapo. Katika miaka ya 1970 alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali cha Norwei, ili wafanyakazi wawe na sauti juu ya kompyuta zinazoletwa viwandani mwao. Fikra hiyo ya kumshirikisha mtumiaji ndiyo iliyolea DHIS2, mfumo uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo, ambamo takwimu za vitabu vya MTUHA vya vituo vyetu vya afya huingizwa kila mwezi. Muuguzi wa Mbagala Rangi Tatu anayejumlisha mahudhurio mwisho wa mwezi amefikiwa na matunda ya Oslo mara mbili: kwenye lugha ya programu na kwenye mfumo wenyewe. Nalisema hili kwa sababu makosa ya urithi wa klasi yana mtu upande wa pili wa kioo, na mara nyingi mtu huyo amekaa kwenye benchi na mtoto mgonjwa.

1. Jua kwanza kwa nini unauliza

Programu nyingi za malipo ninazofungua zina ngazi ndefu ya maswali: kama malipo haya ni ya taslimu, fanya hivi, kama ni ya NHIF, fanya vile, kama ni ya CHF, fanya kingine, kama ni ya simu, fanya kingine tena. Kila ngazi huuliza ukoo wa kitu. Aina moja mpya ya malipo ikiongezeka, mtunzaji inabidi apekue mafaili yote akitafuta ngazi kama hiyo, na akiisahau moja tu, risiti inatoka na kiasi kisicho sahihi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeshatuonyesha kwamba aina za malipo hazitabaki zilezile.

Kinachotakiwa pale ni kiasi cha kumtoza mgonjwa. Basi kila klasi ya malipo ipewe methodi yake ya kukokotoa kiasi hicho, na anayeita asijali ni nani anayejibu. Ngazi nzima inafutika.

Yapo maeneo ambako kuuliza ukoo ni halali kabisa: mpakani, pale data inapoingia kutoka nje, mahali pa kudaka hitilafu, kwenye mfumo unaopokea moduli za waandishi wengine, na kwenye zana za kuandika kumbukumbu za mfumo. Katikati ya mantiki ya biashara, swali la ukoo karibu kila mara huwa dalili kwamba methodi fulani haijaandikwa. Kwa hiyo kila ninapoikuta isinstance, swali la Python la ukoo wa kitu, nauliza imekaa wapi kabla ya kuuliza inasema nini.

2. Mtoto hupita mlangoni kwa jina la mzazi, kisha akafanya yake

Zahanati moja ya Temeke ilikuwa na orodha ya watoto wanaotakiwa kuja kliniki siku hiyo. Baadhi yao hawakuonekana humo, ingawa kadi zao zilisema wazi kwamba siku ni ileile. Muuguzi wa dirishani aliniita: “Kaka, huyu mama kadi yake inasema leo, kompyuta inasema hayupo. Nimrudishe Kongowe na mtoto mgongoni?”

Mzizi ulikuwa jambo ambalo kila anayeandika Python anapaswa kulijua usingizini. Katika lugha hiyo, datetime, yaani tarehe iliyobeba na saa, ni klasi mtoto wa date, tarehe tupu. Ukiuliza kwa isinstance kama kitu ni date, chenye saa nacho hujibu ndiyo. Programu ile iliuliza hivyo, ikaridhika, kisha ikalinganisha tarehe ya mtoto na tarehe ya leo kwa alama ya usawa. Date na datetime za siku ileile hazilingani kamwe kwa alama hiyo. Jibu ni hapana, na linatolewa kimya. Lau mwandishi angetumia alama ya “ndogo kuliko”, Python ingepiga kelele papo hapo kwa TypeError na tatizo lingejulikana siku ya kwanza. Watoto walioandikishwa kwa fomu ya zamani walikuwa na tarehe tupu, wakaonekana. Walioandikishwa kwa kishikwambi walikuwa na tarehe yenye saa, wakapotea.

Dawa ni kuuliza mtoto kabla ya mzazi: kwanza kama ni datetime, kisha kama ni date. Ikiwa ni datetime, igeuze kuwa tarehe tupu, lakini usikate saa kabla hujaileta kwenye saa za Afrika Mashariki. Vishikwambi vingi hutuma muda kwa UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Tarehe iliyochaguliwa kwenye skrini inaweza kusafiri kama saa sita kamili usiku wa siku hiyo, na kwa UTC hiyo bado ni saa tatu usiku ya jana. Ukikata saa mapema, mtoto anahamia siku isiyo yake, na safari hii hata kuuliza ukoo kwa mpangilio sahihi hakutamwokoa.

Mwaka 1987 Barbara Liskov aliweka wazi kanuni ambayo sasa inabeba jina lake: programu iliyoandikwa kwa ajili ya mzazi iendelee kuwa sahihi ikipewa mtoto. Datetime inaivunja kanuni hiyo kwenye kulinganisha, nayo imo ndani ya maktaba ya kawaida ya lugha inayofundishwa vyuoni kote. Ndiyo maana siamini kwamba “isinstance imesema ndiyo” ni mwisho wa uchunguzi.

Ndugu yake ni bool. Katika Python, kweli na si kweli ni watoto wa namba kamili, kwa hiyo True hupita kama int na kuhesabika kuwa 1. Kwenye fomu ya duka la dawa, kisanduku cha kutiki kilichounganishwa na uga usio wake kinaweza kuandika kwamba mgonjwa amepewa kidonge kimoja. Unapopokea idadi ya dawa, ikatae bool kwa jina lake kabla ya kuikubali int.

Wapo wanaokimbilia kulinganisha type moja kwa moja, ili watoto wote wakataliwe. Kwa bool na datetime njia hiyo inafaa. Ukiifanya kanuni ya kila mahali, utawafungia nje watoto halali ambao mwandishi mwingine atawaandika kesho, na urithi utakuwa hauna kazi tena.

3. Hakikisha unachokiuliza ni klasi

Isinstance huuliza kitu, issubclass huuliza klasi. Ukiipa issubclass namba au neno, haijibu hapana, hurusha TypeError. Hili huumiza zaidi kwenye mifumo inayokagua moduli nzima ikitafuta klasi za ripoti, maana ndani ya moduli mna fanksheni, namba na moduli nyingine pia. Tanguliza inspect.isclass, kisha issubclass.

Hata hapo toleo la Python lina neno lake. Katika 3.9 na 3.10, alama ya aina kama list[int] hupita kwenye inspect.isclass kana kwamba ni klasi kamili, na issubclass ikifuata inaweza kuanguka. Kuanzia 3.11 hali hiyo ilirekebishwa. Zahanati nyingi ninazozihudumia zina seva ambazo hazijaboreshwa siku nyingi, kwa hiyo bado naizungushia issubclass kinga ya kudaka TypeError.

Kumbuka pia kwamba kwa Python kila klasi ni mtoto wa klasi yenyewe. Usipoitoa klasi mama, ripoti ya mfano isiyo na kitu itaorodheshwa pamoja na ripoti za kweli. PHP ina desturi tofauti: is_subclass_of humtenga mwenyewe, instanceof humjumuisha. Anayehama kati ya lugha hizi mbili mchana mmoja, kama tunavyofanya wengi wetu huku, awe na karatasi ya tofauti hizo ukutani.

4. Jina la klasi lisitoke kwa mtumiaji

PHP inakuruhusu kuulizia ukoo kwa kutumia jina la klasi lililoandikwa kama maneno matupu. Ukifanya hivyo na klasi haijapakiwa bado, lugha huenda kuitafuta na kuipakia kwanza. Swali ambalo ungedhani ni la kutazama tu linakuwa tendo la kufungua faili na kuendesha kilichomo.

Mwaka 2011 jambo hili liliitikisa jamii ya PHP. Katika toleo la 5.3.7, is_a ilianza kupokea maneno na kuita kipakiaji, na baadhi ya programu zilizokuwa zikiitumia kukagua thamani kutoka nje zikafunguka kwa mshambuliaji, aliyeweza kupenyeza msimbo wake. Udhaifu huo uliandikishwa kama CVE-2011-3379. Toleo la 5.3.9 liliifunga njia hiyo kwa kuifanya is_a isipokee maneno mpaka mwandishi aombe mwenyewe. Ila is_subclass_of inayapokea mpaka leo bila kuombwa.

Mfumo unaopokea aina ya ripoti kupitia anwani ya ukurasa uwe na kamusi fupi: neno “mahudhurio” linaelekea klasi hii, neno “dawa” linaelekea ile. Neno lisilomo kwenye kamusi likataliwe kabla lugha haijaulizwa chochote.

5. Wakala hujibu kwa niaba ya kitu asichokijua bado

Hapa nitakaa, kwa kuwa mfano wake umezaliwa kwetu Afrika Mashariki. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 baada ya Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana kufika Eldoret, Kenya, ambako mpango wa AMPATH ulikuwa ukielemewa na kumbukumbu za wagonjwa wa UKIMWI. Ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006 na tangu hapo umesambaa katika nchi nyingi.

Umeandikwa kwa Java. Kila kinachoweza kupimwa au kuulizwa kwa mgonjwa ni Concept. Vile vinavyojibiwa kwa namba, kama uzito, joto la mwili au CD4, ni vya klasi mtoto, ConceptNumeric, ambayo hubeba mipaka ya juu na ya chini ya thamani inayokubalika. Mwandishi mgeni huandika kwa moyo safi: ikiwa concept hii ni instanceof ConceptNumeric, kagua mipaka.

Tatizo ni kwamba kitu kilichoko mkononi mwake huenda si kitu halisi. OpenMRS hutumia Hibernate kusoma hifadhidata, na Hibernate, ili kuokoa kazi, mara nyingine hutoa wakala: kitu kilichotengenezwa papo hapo kama mtoto wa klasi iliyotangazwa, ambacho kitasoma hifadhidata kikiguswa. Wakati wa kumtengeneza wakala huyo, Hibernate haijui bado kama kumbukumbu ile ni ya namba. Inachojua ni kwamba uga umetangazwa kuwa Concept. Wakala anakuwa mtoto wa Concept, na instanceof ConceptNumeric inajibu hapana hata kama kilichomo ni uzito wa mtoto. Hata baada ya data kusomwa, wakala habadiliki klasi. Ukaguzi wa mipaka unarukwa, na uzito uliovuka mipaka kabisa unaingia bila kuzuiwa.

Ubaya wake ni kwamba mara nyingine hufanya kazi. Kama concept ileile ilishasomwa mapema kwa njia nyingine ndani ya kikao hichohicho, kitu halisi ndicho kitakachorudi, na jaribio litapita kwenye kompyuta ya mwandishi.

Zipo njia za kutoka. OpenMRS yenyewe ina HibernateUtil.getRealObjectFromProxy ya kumvua wakala. Unaweza pia kumwomba ConceptService akupe ConceptNumeric kwa namba yake. Njia ninayoipenda zaidi ni kuuliza aina ya data: concept, je, datatype yako ni ya namba? Swali hilo linamlazimu wakala kwenda hifadhidata na kuleta jibu la kweli. Nikipewa moduli ya Java inayotumia Hibernate, jambo la kwanza ninalofanya ni kutafuta kila instanceof na kila getClass, kisha kuuliza moja moja kama kinachoulizwa kinaweza kuwa wakala.

6. Majina yanafanana, klasi ni mbili

Faili moja ya Python ikiingizwa kwa njia mbili, mara kama aina na mara kama malipo.aina, Python huisoma mara mbili na kutengeneza klasi mbili zisizo na undugu. Zina jina moja na msimbo mmoja, lakini isinstance kati yao inasema hapana. Kwenye Java, klasi hutambulika kwa jina lake pamoja na kipakiaji kilichoipakia, na moduli za OpenMRS kila moja ina kipakiaji chake. Ukisoma hitilafu inayosema kwamba klasi fulani haiwezi kugeuzwa kuwa klasi ya jina hilohilo, usifikiri macho yako yamechoka. Chapisha kipakiaji kwenye Java, na kwenye Python chapisha moduli na njia ya faili. Kwa kawaida jibu linaonekana hapohapo.

7. Ukoo una matawi, soma mro

Wanaopanda ukoo kwa kufuata mzazi wa kwanza kwenye __bases__, kisha mzazi wa kwanza wa huyo, hukosa nusu ya familia pale klasi inapokuwa na wazazi wawili. Tangu Python 2.3 ya mwaka 2003, mpangilio rasmi wa ukoo hupangwa kwa kanuni ya C3 na unasomeka kwenye __mro__. Soma hapo.

Hata mro haina kila kitu. Klasi inaweza kusajiliwa chini ya klasi ya kidhahania kwa register, na issubclass itasema ndiyo wakati mro haimtaji mzazi huyo. Na __subclasses__ inaonyesha watoto wa moja kwa moja waliokwisha kupakiwa tu. Moduli ambayo bado haijaingizwa haimo.

Kuhusu wazazi wawili wenyewe, OpenMRS ina uamuzi ninaouheshimu. Patient ni mtoto wa Person. User, yule anayeingia kwenye mfumo kwa nywila, si mtoto wa Person. Ana Person ndani yake. Kwa hiyo muuguzi wa Tandika akiumwa anaweza kuandikishwa kama mgonjwa bila kuzaa klasi ya muuguzi-mgonjwa, na swali gumu la ukoo haliulizwi kabisa.

8. Wilaya isifanywe klasi

Nimeona programu yenye klasi inayoitwa KituoChaTemeke na nyingine KituoChaKinondoni, zote watoto wa Kituo, na ripoti zikigawanywa kwa isinstance. Msimbo wa namna hiyo ulipata mtihani kati ya mwaka 2015 na 2016, pale Kigamboni ilipotengwa na Temeke, na Ubungo ikatengwa na Kinondoni. Februari 2021 Manispaa ya Ilala nayo ikapandishwa kuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Mpaka wa kiutawala husogezwa kwa tangazo la serikali. Klasi husogezwa kwa kuandika upya programu na kuisambaza kituo kwa kituo. DHIS2 huhifadhi mkoa, halmashauri na kituo kama kumbukumbu za klasi moja, OrganisationUnit, kila moja ikimtaja mzazi wake kwenye hifadhidata. Kituo kikihama halmashauri, msimamizi anabadilisha mzazi na msimbo unabaki ulivyo.

9. Kudaka hitilafu nako ni kuuliza ukoo

Kila except ni swali la urithi. Ukimtanguliza mzazi, mtoto aliyeandikwa chini yake hafikiwi kamwe. Kwa sisi ambao mtandao hukatika umeme unapokatika, kumbuka kwamba TimeoutError ni mtoto wa OSError, na kwamba kabla ya Python 3.10, socket.timeout ilikuwa chini ya OSError lakini haikuwa TimeoutError. Msimbo unaodaka TimeoutError peke yake kwenye seva ya zamani hautadaka mtandao uliokufa katikati ya kutuma ripoti.

10. Kisichojulikana kiseme, lakini kisimtaje mgonjwa

Kila mwisho wa maswali ya ukoo uwe na tawi la “sikitambui”, na tawi hilo lirushe hitilafu. Orodha ya kliniki ya somo la pili iliumiza kwa sababu jibu la hapana lilipita kimya.

Kitakachoandikwa kwenye kumbukumbu za hitilafu nacho kina sheria yake. Waandishi wengi huchapisha kitu kizima, na kitu kizima cha klasi ya mgonjwa huwa na jina, simu na majibu ya vipimo. Faili hiyo kisha hutumwa kwa WhatsApp kwa fundi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile inazozilinda kwa uzito zaidi. Fundi hahitaji jina la mtu. Mimi huchapisha moduli, jina kamili la klasi, orodha ya majina kutoka kwenye mro, na namba ya ndani ya kumbukumbu. Majina hayo nayasoma kutoka kwenye type ya kitu, siyo kwa kukigeuza kitu kuwa maneno, kwa kuwa kugeuza huita methodi ya mwandishi mwingine, nayo inaweza kumgusa wakala wa Hibernate, ikafungua hifadhidata, au ikaanguka yenyewe na kuficha hitilafu ya kwanza niliyokuwa naitafuta.